Mwili Nao Una Haki: Maumivu ya Mgongo Baada ya Kazi za Nguvu

Ndugu zetu Waislamu, wengi katika sisi watu wa mwambao tuna kijana au jamaa Nairobi atafutaye riziki kwa nguvu zake. Mmoja hubeba magunia katika soko la Marikiti, karibu na kati ya mji; mwingine husukuma mkokoteni Kawangware au Kangemi; mwingine hupandisha mchanga na kokoto katika majengo ya Westlands. Jioni hurudi chumbani hawezi kuinama. Akituuliza dawa, mara nyingi humjibu moja katika mawili: ama alale asiondoke kitandani, ama tumtafutie hirizi kwa kudhani amekumbwa na jini au kijicho. Yote mawili si sawa.

Yafaa kwanza tujue sababu. Misuli ikitumikishwa kuliko ilivyozoea huumia ndani kwa ndani. Maumivu hayo huzidi siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua yenyewe. Basi mwenye kosa ni gunia, wala si jini.

Ama kulala, zamani hata matabibu waliamrisha hivyo. Leo imethibiti kuwa kulala siku nyingi hudhoofisha misuli na kuchelewesha kupona. Mgonjwa apumzike na mizigo, lakini atembee kidogo kidogo, na azidishe kila siku kwa kadiri awezavyo. Achovye kitambaa katika maji ya moto, akikamue, akijaribu kwanza mkononi asijiunguze, kisha akiweke mahali paumapo kwa dakika 15 hadi 20. Kusugua polepole kwa mafuta ya nazi nako huliwaza. Akilala chali, aweke mto chini ya magoti. Akilala ubavu, auweke kati ya magoti. Vidonge vya maumivu vina faida, lakini baadhi yake hudhuru tumbo na figo. Mwenye vidonda vya tumbo au maradhi ya figo asimeze bila ya kumuuliza tabibu. Na asiyeweza kusimama, sharia imemruhusu kusali kwa kukaa.

Ama hirizi, Mtume (S.A.W.) ameikataza, na ametuamrisha kujitibu. Dua aliyotufundisha yajulikana: mtu aweke mkono paumapo, ataje jina la Mwenyezi Mungu mara 3, na ajikinge Kwake mara 7. Dua hiyo haiuzwi wala haivaliwi shingoni. Na bibi Fatima (R.A.) alipolalamika kuwa mikono yake yaumizwa na jiwe la kusagia, Mtume alimfundisha yeye na mumewe dhikri za wakati wa kulala: tasbihi 33, tahmidi 33 na takbiri 34. Dhikri na dawa hazigombani. Kinachogombana na dawa ni ujinga.

Tena ziko dalili zisizotibiwa nyumbani. Mtu akifa ganzi sehemu za siri na makalio, au akishindwa kuzuia haja, au miguu ikilegea, apelekwe hospitali siku ile ile. Kuchelewa kwaweza kumlemaza. Na aliyeanguka kutoka juu, au ambaye maumivu yamefuatana na homa au kukonda, naye asingoje, kwani kifua kikuu huweza kuingia hata katika uti wa mgongo.

Kinga ni bora kuliko tiba. Mbebaji achuchumae kwa magoti, aukumbatie mzigo karibu na kifua, na akitaka kugeuka ageuze miguu, asisokote kiuno. Lakini kinga haimpasi yeye peke yake. Kanuni za viazi za Kenya za mwaka 2019 zimeweka mpaka wa kilo 50 kwa gunia. Anunuaye lumbesa apate faida, aitoa faida hiyo mgongoni mwa mtu mwingine. Mtume ametukataza kuwatwika watumishi wetu wasiyoyaweza, na tukiwatwika, ametuamrisha tuwasaidie. Vipi basi tajiri Muislamu atasimama safu ya mbele msikitini, na hamali wake hawezi kurukuu nyuma yake?

Ametufundisha Mtume kuwa mwili nao una haki juu ya mwenyewe. Tuwaandikie vijana wetu haya, na sisi tulio na mizigo ya kubebesha tuyashike. Wabillahi tawfiq.