Mafundi Watatu, Bei Tatu: Jinsi ya Kulinganisha Kabla ya Kulipia Makabati ya Jiko



Ukitembea Ngong Road kutoka Adams Arcade ukielekea Dagoretti Corner, hukosi fundi wa fanicha. Ukiingia Kangemi ama Kawangware, utapata karakana nyingine ndani ya mitaa. Ukienda Westlands, kuna maduka yenye majiko ya maonyesho, taa zimewashwa na sakafu inang'aa. Waulize watatu bei ya makabati ya jiko lako na utapewa bei tatu zilizo mbalimbali kabisa.

Hapo ndipo wengi wetu tunateleza. Tunachagua bei ya chini, tunatuma nusu ya pesa kwa simu jioni hiyo hiyo, halafu tunaanza kungoja. Wiki mbili baadaye fundi anapiga simu: "Mbao zimepanda, ongeza kidogo." Utafanya nini, na pesa yako tayari iko kwake?

Katika somo hili utajifunza mambo matatu: kufanya bei za mafundi zilingane, kugawa malipo ili pesa isitangulie kazi, na kutunza rekodi itakayokusaidia mambo yakiharibika.

Hatua ya 1: Wape wote swali moja

Fundi hawezi kukupa bei sawasawa ukimwambia tu "nataka makabati mazuri". Mmoja atawaza MDF ya kawaida, mwingine atawaza blokibodi, wa tatu atahesabu mpaka usafiri. Bei zao hazitalingana kwa sababu kila mmoja amejibu swali lake.

Pima jiko lako kwanza. Andika urefu wa ukuta kwa makabati ya chini na ya juu, idadi ya milango na droo, mahali pa sinki na mahali pa meko. Kwa kawaida kabati la chini huwa na kina cha karibu sentimita 60, na ukihesabu meza ya juu, kimo chake hufika karibu sentimita 90. Kama mpishi wa nyumbani ni mrefu ama mfupi, sema mapema.

Kisha tuma meseji moja kwa wote watatu, bila kubadilisha neno:

"Habari fundi. Naomba bei ya makabati ya jiko. Ya chini mita 4, ya juu mita 3. Milango 14, droo 4. Mbao ya milimita 18, na chini ya sinki iwe ya kustahimili maji. Hinji za kujifunga polepole. Bei iwe na kutoa makabati ya zamani, usafiri na kufunga. Tafadhali andika kila kitu na bei yake. Asante."

Fundi anayejibu kwa orodha amekuonyesha jinsi anavyofanya kazi. Anayejibu kwa namba moja tu, "150 mwisho", mrudie kwa heshima umwombe aandike. Akikataa, umeshajua kitu.

Hatua ya 2: Jua unachonunua

Huhitaji kuwa fundi, lakini jua maneno haya manne.

MDF ni unga wa mbao uliogandamizwa kwa gundi. Ni laini na hupakwa rangi vizuri, lakini ile ya kawaida ikilowa hufura na hairudi. Iko ya kustahimili unyevu, na mara nyingi huwa na rangi ya kijani ndani. Hata hiyo si ya kukaa ndani ya maji.

Blokibodi ina vipande vya mbao katikati na ngozi nyembamba ya mbao juu na chini. Hushika skrubu vizuri kuliko MDF.

Melamini ni ile ngozi ngumu yenye rangi inayofunika ubao. Angalia kingo. Ukanda wa pembeni ukiwa umebandikwa ovyo, maji yatapita hapo.

Bawaba, ama hinji kama mafundi wanavyoziita, ndizo hubeba mlango kila siku. Ni kitu kidogo, lakini ndicho cha kwanza kupunguzwa ubora fundi akitaka kushusha bei.

Sasa omba kuona kazi ya zamani, si ile ya jana. Jiko jipya la nani halipendezi? Omba fundi akuonyeshe makabati aliyofunga zaidi ya mwaka mmoja uliopita, yaliyopitia mvua ndefu ya Machi hadi Mei. Fungua mlango wa chini ya sinki, pitisha kidole kwenye kingo, vuta droo mpaka mwisho. Muulize mwenye nyumba swali moja tu: "Baada ya kumlipa, ulipompigia simu alirudi?"

Hatua ya 3: Fanya hesabu ilingane

Tuchukue mfano. Bei hizi ni za kujifunzia tu, si bei za soko.

Fundi wa kwanza, wa kando ya barabara, anasema shilingi 145,000. Wa pili, mwenye karakana Kangemi, anasema 168,000. Wa tatu, mwenye duka Westlands, anasema 260,000.

Kwa haraka, wa kwanza ameshinda. Lakini ukisoma orodha yake unakuta vitu vinne havimo. Usafiri ni 5,000. Kutoa makabati ya zamani ni 6,000. Ubao wa kustahimili maji chini ya sinki utaongeza 9,000. Hinji za kujifunga polepole, mbili kwa kila mlango, ni 28, na kila moja inaongeza 500, jumla 14,000. Bei yake ya kweli ni 179,000.

Wa pili alisahau usafiri tu, 4,000. Bei yake ni 172,000. Kumbe yule wa "bei ya chini" ni ghali zaidi kwa 7,000.

Na wa tatu? Bei yake ina kila kitu pamoja na mwaka mmoja wa kurekebisha bila malipo, kwa maandishi. Swali si kama 260,000 ni nyingi. Swali ni kama ahadi hiyo ya mwaka mmoja ina thamani ya 88,000 kwako. Kwa mwingine ndiyo, kwa mwingine hapana. Muhimu ni kwamba sasa unalinganisha kitu kimoja.

Hatua ya 4: Pesa isitangulie kazi

Fundi anahitaji pesa ya kuanza, na ni haki yake. Mbao haziuzwi kwa mkopo. Lakini gawa malipo kulingana na kazi unayoweza kuona kwa macho. Kwa bei ya 172,000 unaweza kukubaliana hivi:

- 68,800 (asilimia 40) mbao zikinunuliwa
- 51,600 (asilimia 30) ukifika karakana na kuona makabati yameungwa
- 34,400 (asilimia 20) yakishafungwa jikoni
- 17,200 (asilimia 10) baada ya wiki mbili za kutumia

Ile asilimia 10 ya mwisho ndiyo itamrudisha fundi kurekebisha mlango unaokwaruza. Ukiimaliza mapema, umebaki na kuomba.

Iko njia nyingine ambayo wengi hupenda: lipa duka la mbao moja kwa moja. Fundi anaandika idadi ya mbao na hinji, mnaenda pamoja dukani, wewe unalipa kwa Till ama Paybill ya duka, na fundi unamlipa ufundi pekee. Ubao mmoja wa kawaida ni futi 8 kwa 4, kwa hivyo ni rahisi kuhesabu zilizonunuliwa na zilizofika karakana.

Ukitumia M-PESA, kumbuka kiwango cha juu kwa muamala mmoja ni shilingi 250,000, na kwa siku ni 500,000. Kwa kazi ya jiko hiyo isikusumbue, kwa sababu hupaswi kulipa yote kwa mkupuo mmoja.

Hatua ya 5: Soma jina kabla ya PIN

Kabla ya kuweka PIN, soma jina la mpokeaji. Je, ni lile lililo kwenye makubaliano yenu? Fundi akisema, "Tuma kwa namba ya kijana wangu," usikasirike, lakini omba aandike kwa meseji kwamba pesa hiyo ni ya kazi yako na namba hiyo ameikubali yeye. Bila hivyo, kesho atasema hakuipata.

Ukituma kwa namba isiyo sahihi, peleka ile meseji ya M-PESA kwa 456 mara moja ili uombe kurudishiwa. Lakini elewa vizuri: njia hiyo ni ya pesa iliyopotea njia. Haikusudiwi kumaliza ugomvi na fundi aliyefanya kazi mbaya. Ulinzi wako dhidi ya kazi mbaya ni yale malipo ya awamu.

Na PIN yako usimpe mtu, hata fundi akisema atakusaidia kulipa dukani.

Hatua ya 6: Weka daftari

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Makubaliano yenu yanaweza kuwa ukurasa mmoja: majina, namba za kitambulisho, mchoro wenye vipimo, aina ya mbao, tarehe ya kumaliza na awamu za malipo. Wote wawili mtie sahihi, kila mmoja apige picha. Kila ukilipa, tuma meseji: "Nimelipa awamu ya pili, 51,600, makabati yameungwa." Akijibu "sawa", hiyo ni rekodi.

Mambo yakishindikana, iko Mahakama ya Madai Madogo. Iliundwa na sheria ya mwaka 2016, na hapa Nairobi ilianza kazi Milimani mwaka 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, unaweza kujitetea mwenyewe bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Ukifika pale na taarifa ya miamala yako, makubaliano na zile meseji, una kitu cha kuonyesha. Ukilipa kwa noti mkononi bila risiti, unabaki na maneno dhidi ya maneno.

Zoezi la wiki hii

Pima jiko lako leo jioni, hata kama utaanza kazi mwaka ujao. Andika ile meseji, itume kwa mafundi watatu, na upange majibu yao kwenye karatasi moja, kitu kwa kitu. Usitume hata shilingi moja kabla karatasi hiyo haijajaa.