Haki za Ndugu Ambazo Simu Haizilipi

Jueni, ndugu zetu, ya kuwa kuunga udugu ni wajibu, na kuukata ni katika madhambi makubwa. Hili halina khilafu. Lililo geni katika zama zetu ni chombo, nacho ni simu ya mkononi. Wako wasemao kuwa imeua udugu, na wako wasemao kuwa imeuhuisha. Yatupasa tuipime kwa mizani, tusihukumu kwa kupenda wala kwa kuchukia.

Mizani tunayo. Katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim kwa Abu Huraira, haki za Mwislamu juu ya mwenziwe ni tano: kuitikia salamu yake, kumtazama akiwa mgonjwa, kufuata jeneza lake, kuitikia mwaliko wake, na kumwombea rehema apigapo chafya akamshukuru Mwenyezi Mungu. Ikiwa haki hizi ni za Mwislamu yeyote, basi ndugu wa damu na jirani wa ukuta mmoja wazistahiki zaidi.

Sasa tuzitazame. Salamu yaitikiwa kwa simu, na hapana ubaya. Na apigaye chafya humwombea ukimsikia. Lakini tatu zilizobaki zataka miguu. Mgonjwa ahitaji mtu wa kumgeuza na kumpa maji. Mwaliko hauitikiwi na mtu aliyeketi kwake. Na jeneza huchukuliwa mabegani.

Wala hatuikani faida ya simu. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka 2008, kijana aliyeko Nairobi aweza kumpelekea mamaye aliyeko Lamu posho yake kwa dakika moja, pasi na kumpa abiria bahasha. Na aliyeko Maskat humwona babaye uso kwa uso, hali wazee wetu walingoja barua. Kwa aliye mbali, kupiga simu ni kuunga udugu kwa hakika. Na mwenye simu asiyempigia nduguye, udhuru wake ni upi?

Madhara yako kwa aliye karibu. Mtu hufiwa mtaa wa pili, khabari ikaingia katika kundi la WhatsApp, na watu wakaandika taazia mmoja baada ya mmoja. Wengine hata jina la maiti hawakulisoma. Wamenakili maneno ya aliyewatangulia. Kisha wakati wa maziko safu ni fupi, na kila aliyeandika adhani amekwisha kulipa deni lake.

Ada hii ilipata nguvu katika maradhi ya korona. Mwezi wa Machi 2020 misikiti ya Kenya ilifungwa, na wahudhuriao maziko wakatiwa mpaka. Wakati ule kutoa taazia kwa simu kulikuwa ruhusa, bali ndiyo njia iliyo salama. Lakini kanuni ya fiqhi yajulikana: kilichoruhusiwa kwa dharura hupimwa kwa kadiri ya dharura yenyewe. Dharura imeondoka, misikiti imefunguliwa, nasi tumebaki na ruhusa isiyo na sababu.

Suala: Mtu akimpigia simu nduguye mgonjwa aliye mji mmoja naye, je, ameunga udugu?
Jibu: Ameanza kuunga. Ikiwa hawezi kwenda, inatosha na ana ujira wa nia yake. Ikiwa aweza na asende, amebakisha deni.

Suala: Na aliyekwenda, kisha akaketi barazani kwa wafiwa macho yake yamo katika simu?
Jibu: Mwili wake umefika, yeye hakufika. Na aizime, ampe mfiwa mkono na sikio lake.

Basi, ndugu msomaji, aliye ng'ambo mpigie umsikie sauti, wala usitosheke na kumwandikia. Aliye mjini mwendee. Siku moja kila mmoja wetu atahitaji mabega ya watu, na watakaokuja ni wale tuliokuwa tukiwaendea.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.