Ushuru wa Forodha na Mauzo ya Nchi za Nje: Funzo la Zao la Korosho

Watu wengi hudhani kwamba ushuru wa forodha unamhusu yule tu anayeagiza mali kutoka nchi za nje. Mkulima wa Newala ambaye hajaagiza hata baiskeli kutoka ng'ambo aweza kusema kwamba jambo hilo ni la wafanyabiashara wa bandarini. Shabaha ya makala haya ni kuonyesha kwamba ushuru unaotozwa kwa nguo na saruji humfikia mkulima huyo shambani kwake. Na kwamba kuupunguza kwaweza kumnufaisha, lakini manufaa hayo hayaji yenyewe.

Kanuni ya Lerner

Mwaka 1936 mwanauchumi Abba Lerner alieleza kwamba kodi ya kiwango kimoja inayotozwa bidhaa zote zinazoingia nchini ina athari sawa na kodi ya kiwango hicho hicho inayotozwa bidhaa zote zinazotoka. Kwa mtazamo wa kwanza kanuni hii yaonekana ya ajabu, basi na tuifuate hatua kwa hatua.

Nchi huuza mazao yake nje ili ipate fedha za kununulia vitu vya nje. Ushuru ukiwa mkubwa, watu huagiza vitu vichache, na mahitaji ya fedha za kigeni hupungua. Mahitaji ya dola yakipungua, bei ya dola kwa shilingi hushuka. Hivyo mazao yaliyouzwa kwa dola humletea mkulima shilingi chache zaidi. Wakati huo huo jembe, bati na nguo anazonunua zimepanda bei kwa sababu ya ushuru. Mkulima amekatwa mara mbili, ingawa hakuna ofisa wa forodha aliyepata kubisha hodi kwake.

Hesabu ya kiwanda cha mashati

Kuna njia ya pili, nayo hupitia katika malighafi. Tuchukue kiwanda cha kubuni kinachoshona mashati ya kuuza nje. Shati moja huuzwa shilingi 100 katika soko la dunia, na kitambaa chake, kinachoagizwa kutoka nje, ni shilingi 60. Shilingi 40 zinazobaki ndizo zinazolipa mishahara, umeme, kodi ya jengo na faida.

Sasa serikali iweke ushuru wa asilimia 25 juu ya kitambaa. Gharama yake inapanda kutoka shilingi 60 hadi 75. Mnunuzi wa ng'ambo hatakubali kuongeza bei, kwani aweza kununua kwingine. Kwa hiyo kiwanda kinabaki na shilingi 25 badala ya 40. Ushuru wa asilimia 25 umekula asilimia 37.5 ya thamani iliyoongezwa nchini. Msomaji aona kwamba kiwango kilichoandikwa katika kitabu cha ushuru si kipimo cha mzigo wenyewe.

Kisiwa cha Mauritius kilitambua jambo hili mapema. Kwa sheria ya mwaka 1970, viwanda vilivyozalisha kwa ajili ya kuuza nje viliruhusiwa kuingiza malighafi bila ushuru, huku ushuru wa bidhaa nyingine ukibaki juu kwa miaka mingi. Mauzo ya nguo yalikua sana. Funzo ni kwamba kinachohitajika kwanza ni kumwondolea muuzaji wa nje mzigo unaomlemea. Si lazima milango yote ifunguliwe siku moja.

Korosho za Tanzania

Tuyapime mawazo haya kwa zao la korosho. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa yameshuka hadi tani 16,500 hivi. Sababu zilikuwa kadhaa. Wakulima walihamishiwa vijijini, wengi wakawa mbali na mikorosho yao. Bei waliyolipwa ilikuwa ndogo. Kisha ukaja ugonjwa wa ubwiriunga, unaosababishwa na kuvu anayeshambulia maua na machipukizi machanga.

Juu ya hayo palikuwa na thamani ya shilingi. Uagizaji ulibanwa kwa ushuru, leseni na mgawo wa fedha za kigeni, na shilingi ikashikiliwa katika thamani iliyozidi uwezo wake. Mwanzoni mwa mwaka 1986 dola moja ilibadilishwa rasmi kwa takriban shilingi 17. Mwishoni mwa mwaka huo, baada ya Mpango wa Kufufua Uchumi kuanza, ilikuwa takriban shilingi 50. Tukichukulia kwa mfano kwamba tani moja iliuzwa dola 500, mauzo hayo yalileta shilingi 8,500 kabla ya badiliko na shilingi 25,000 baadaye. Bei za madukani nazo zilipanda, kwa hiyo si tofauti yote iliyokuwa faida. Hata hivyo mizani ilianza kumwelekea anayeuza nje.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wafanyabiashara binafsi waliruhusiwa kununua korosho, na kufikia mwisho wa muongo huo mavuno yalikuwa yamepita tani 100,000 tena. Je, biashara huria ndiyo iliyofanya kazi hiyo? Kwa sehemu, ndiyo. Lakini bei nzuri haiui kuvu. Watafiti wa Naliendele, Mtwara, walionyesha jinsi ya kuukinga mkorosho kwa unga wa salfa, wakatafuta pia miche inayostahimili ugonjwa. Bei nzuri ilimwezesha mkulima kununua salfa, nayo salfa ikafanya bei hiyo iwe na maana.

Ng'ambo ya Mto Ruvuma

Jirani zetu wa Msumbiji walipata funzo chungu zaidi. Nchi hiyo ilipiga marufuku kuuza nje korosho ghafi mwaka 1978, ili zibanguliwe na viwanda vya nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 marufuku hiyo iligeuzwa kuwa kodi ya mauzo ya nje, na kuanzia mwaka 1995, kwa msukumo wa Benki ya Dunia, kodi ikapunguzwa hadi asilimia 20, halafu 14. Hoja ilikuwa kwamba kodi hiyo ilimnyima mkulima bei yake ili kulisha viwanda vilivyofanya kazi kwa hasara.

Hoja hiyo haikuwa ya uongo. Hata hivyo, uchunguzi wa Margaret McMillan, Dani Rodrik na Karen Welch, uliotolewa mwaka 2002, ulikadiria kwamba faida ya moja kwa moja kwa kaya ya wastani ya wakulima wa korosho haikuzidi takriban dola 5 kwa mwaka. Sehemu kubwa ya nyongeza ya bei ilibaki kwa wafanyabiashara wa kati. Viwanda vikubwa karibu vyote vilifungwa, na maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wanawake, wakakosa kazi. Mwaka 1999 Bunge la nchi hiyo liliamua kodi irudishwe hadi kati ya asilimia 18 na 22.

Tanzania nayo imo katika hesabu hiyo. Sheria ya Korosho ya mwaka 2009 iliweka ushuru wa asilimia 15 ya thamani ya korosho ghafi zinazouzwa nje, au dola 160 kwa tani, kwa kuchagua kilicho kikubwa. Lengo ni kuhimiza ubanguaji. Lakini kwa kuwa mnunuzi wa kigeni aweza kwenda Afrika Magharibi kutafuta korosho, sehemu kubwa ya ushuru huo humwangukia mkulima kwa njia ya bei ndogo mnadani. Mzigo huo una haki ikiwa tu viwanda vinavyokusudiwa vinajengwa kweli, na vinabangua kwa gharama zinazoshindana na za India na Vietnam.

Mambo ya kuuliza

Kila mara mabadiliko ya ushuru yanapotangazwa, mwananchi anayetaka kuyapima anapaswa kuuliza maswali matatu. Kwanza, bei ikibadilika bandarini, ni kiasi gani kitamfikia mkulima, na nani amesimama katikati? Pili, je, mazao yenyewe yapo, pamoja na dawa, barabara na maghala ya kuyafikisha sokoni? Tatu, wale watakaopoteza kazi wameandaliwa nini, na wamepewa muda gani?

Swali la kwanza hujibiwa kwa vyama vya ushirika imara na minada ya wazi. La pili hujibiwa na watafiti na mabwana shamba. La tatu ni jukumu la serikali. Mahali ambapo maswali haya hayakujibiwa, viwango vya ushuru vimeshushwa na kupandishwa tena, na kaya ya mkulima ikabaki na dola zake tano.