Usitupe Daftari la Duka: Jinsi ya Kutunza Nyaraka za Familia

Nyumba nyingi za Kaloleni, Ziwani, Shauri Moyo na Pumwani zina sanduku la karatasi za wazee: risiti za kodi, barua na madaftari ya duka. Mzee akifariki, mara nyingi sanduku huishia jaani.

Risiti huonyesha nani aliishi wapi na tangu lini, jambo muhimu familia inapogombania nyumba. Daftari la duka huonyesha bei ya unga na sukari, nani alikopa na alilipa lini. Usitegemee nakala ya ofisini pekee. Mwaka 2004 moto uliteketeza sehemu ya City Hall.

Fanya hivi:

1. Ondoa pini zenye kutu. Usibandike selotepu.
2. Weka karatasi katika bahasha au boksi, pahali pakavu, mbali na jiko.
3. Andika kwa penseli juu ya bahasha jina la mwenyewe, mtaa na miaka.
4. Piga picha kila ukurasa.

Sheria ya Nyaraka za Umma ya 1965 inaruhusu Nyaraka za Kitaifa, Moi Avenue, kupokea karatasi za watu binafsi. Humo mmehifadhiwa mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais, mwana wa mfanyabiashara Mgoa.

Kabla ya kukabidhi, kubalianeni kama familia. Daftari la madeni lina majina ya majirani, na huenda watoto wao bado wanaishi mtaani.