Nilipe ili nikalee watoto wa simba?

*Shangazi, nina miaka 23, nimemaliza diploma ya afya ya mifugo na bado natafuta kazi. Nimepata nafasi ya kujitolea Afrika Kusini kwa wiki nne, kwenye kituo cha kuokoa wanyama chenye kliniki yake. Nitawanywesha maziwa kwa chupa watoto wa simba waliofiwa na mama zao, na usiku nitalala nao. Ada ni shilingi 180,000, mbali na nauli. Mama yuko radhi kukopa kwenye chama chake. Baba hataki hata kusikia. Anauliza ni wapi mtu hulipa ili atumikishwe. Naona ananizibia riziki. Nifanye nini? – Binti wa Kilifi*

Mwanangu, babako ana haki ya kushuku, ila ameshuku mahali pasipo na tatizo. Vituo vingi vya kweli huomba mgeni agharimie chakula na malazi yake, kwa kuwa pesa za wafadhili ni za dawa na lishe ya wanyama. Mimi kilichonishtua ni hao watoto wa simba.

Wewe umesomea mifugo, basi jiulize: wametoka wapi? Porini mtoto wa simba hukaa na mamake karibu miaka miwili. Mayatima hawaokotwi kila mwezi wakawatosha wageni wanaopokezana mwaka mzima.

Afrika Kusini kuna simba wanaokadiriwa kuwa kati ya 8,000 na 12,000 waliofugwa ndani ya ua, wengi kwa biashara. Mtoto hutengwa na mamake akiwa na siku chache tu, ili jike aingie joto upesi na kubeba mimba nyingine. Mgeni kama wewe hulipa kumnywesha. Akikua kidogo, mtalii hulipa kutembea naye. Akishakuwa dume la kutamanika, mwindaji hulipa kumpiga risasi ndani ya ua asioweza kuutoroka, na mnyama hamwogopi binadamu kwa sababu ndiye aliyemlea. Hata mifupa ina soko huko Asia. Mwaka 2017 serikali ya Afrika Kusini iliruhusu viunzi 800 vya mifupa ya simba visafirishwe nje. Hapa Kenya uwindaji wa nyara ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo sikushangai kwa kutolijua hili.

Filamu ya *Blood Lions* ya mwaka 2015 iliwaonyesha vijana waliolipa kwa nia njema wakidhani wanaokoa. Mwaka 2021 waziri wa mazingira wa huko, Barbara Creecy, alitangaza kwamba ufugaji huo utakomeshwa. Lakini mashamba hayakufungwa siku hiyo.

Kituo chako sikijui, wala sikihukumu kwa jina. Waandikie uwaulize kama wanazalisha simba, na waliolelewa kwa chupa miaka mitano iliyopita wako wapi leo. Uliza pia jina la daktari wa kliniki, na kama amesajiliwa na baraza la madaktari wa mifugo la nchi hiyo. Wakikwambia simba hao watarudishwa porini, funga mazungumzo: simba aliyezoea kulala na watu ni nadra mno arudi porini. Wakikujibu kwa picha za wasichana wanaocheka wakiwa wamepakata watoto wa simba, pia umejibiwa.

Kituo cha kweli hakina raha ya namna hiyo. Kule Udaipur, India, Animal Aid Unlimited imekuwa ikiokota mbwa, ng'ombe na punda waliogongwa barabarani tangu mwaka 2002. Mahali kama pale mtu wa kujitolea huosha vyombo, hubadilisha matandiko, hukaa na mbwa aliyepooza na kumlisha taratibu. Upasuaji ni wa madaktari. Diploma yako haikupi ruhusa ya kushika kisu katika nchi ya watu, na anayekuahidi hivyo anakutega. Baadhi ya wanyama watakufa mbele yako. Kama kazi ya namna hiyo bado unaitaka, basi una wito, na nitakuunga mkono.

Ila mbona uanzie mbali? Panda basi uende Lamu. Pale kuna kliniki iliyoanzishwa mwaka 1987 na shirika la Uingereza, Donkey Sanctuary, kwa ajili ya kutibu punda bure. Omba mafunzo ya vitendo: kwato, vidonda vya mizigo, msokoto wa tumbo. Bisha hodi pia kwenye idara ya mifugo ya kaunti yako, uulize kampeni za kuchanja mbwa. Barua ya daktari aliyekuona ukifanya kazi itakufungulia milango zaidi huko nje kuliko picha na simba. Mama aache mkopo huo. Na Baba mweleze ulichokigundua, usinyamaze kana kwamba amekushinda; huenda safari ijayo akawa upande wako.

Popote utakapoamua kwenda, hata kama ni Lamu, pata kwanza chanjo ya kichaa cha mbwa: dozi mbili, ya pili siku ya saba baada ya ya kwanza. Hata ukiwa umechanjwa, ukiumwa na mnyama osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaongezewe dozi.