Kutoka -ka- hadi -kisha-: Lugha ya Mfuatano katika Skripti za Kuwasha Upya Mashine Pepe

Makala haya yanachunguza namna Kiswahili kinavyoweza kueleza kazi moja ya kiteknolojia, yaani kuiamuru kompyuta iwashe upya mashine pepe kwa mfuatano ufaao baada ya hitilafu. Mashine pepe ni kompyuta isiyo na mwili wake yenyewe. Huishi ndani ya seva halisi pamoja na wenzake kadhaa. Seva hiyo ikizimika, zote huzimika kwa pamoja. Katika mfumo wa kusajili wanafunzi, kwa mfano, seva ya majina hutangulia, hufuatwa na hifadhidata, kisha programu ya usajili, na mwisho tovuti. Programu ikiitangulia hifadhidata, huenda ikaanguka, na mwanafunzi akakuta ukurasa mtupu siku ya mwisho ya kujisajili.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kosa linalozoeleka katika skripti hizi ni kosa la lugha kabla halijawa kosa la kompyuta.

Skripti ya anayeanza husimulia kama ngano: hifadhidata ikawashwa, programu ikawashwa, tovuti ikafunguliwa. Kiambishi -ka- kinaonyesha kwamba tendo moja limefuata jingine. Hakidai kwamba matokeo ya lile la kwanza yamekamilika. Mtu aweza kusema, "Mpishi akainjika wali, akapakua." Sentensi haina dosari ya kisarufi, wali ndio mbichi.

Wengi hujaribu kuziba pengo hilo kwa amri ya kusubiri, tuseme dakika 5. Dawa hii haitoshi. Hifadhidata iliyokatishwa ghafla hulazimika kusoma upya kumbukumbu ya mabadiliko yaliyokuwa yakiendelea kabla ya kupokea mgeni yeyote, na muda wa kazi hiyo hutegemea wingi wa mabadiliko yenyewe. Dakika 5 zilizotosha wakati wa likizo huenda zisitoshe wakati wa usajili.

Njia iliyo bora ni kupiga hodi. Hifadhidata ya PostgreSQL, tangu toleo la 9.3 la mwaka 2013, ina programu ndogo iitwayo pg_isready inayofanya kazi hiyo hasa. Ikirudisha 0, hifadhidata inapokea wageni. Hiyo ndiyo "karibu". Ikirudisha 1, hifadhidata imesikia lakini inakataa, kama inavyokuwa ingali inaamka; hiyo ni "subiri kwanza". Ikirudisha 2, hakuna jibu lolote. Yeyote aliyewahi kusimama mlangoni mwa watu anazijua hali hizi tatu, wala hawezi kuichukulia sauti ya mtu ndani kuwa ruhusa ya kuingia.

Hapa ndipo -kisha- inapohitajika. Umbo hili limetokana na -ki- ya sharti pamoja na kitenzi -isha, kwa hiyo linabeba sharti na ukamilifu kwa pamoja. Maelezo ya skripti yanaweza kuandikwa hivi: "Piga hodi kila baada ya sekunde 10. Hifadhidata ikishajibu 0, washa programu. Isipojibu hivyo kwa dakika 30, simama, umwite msimamizi." Sentensi ya mwisho, yenye -sipo-, ni rahisi kusahaulika. Bila hiyo, skripti itapiga hodi hadi alfajiri, na hakuna atakayeamshwa.

Yapo mambo ambayo mifumo yenyewe hutimiza. Katika vSphere ya VMware, toleo la 6.5 la mwaka 2016 liliongeza ngazi za kipaumbele cha kuwasha upya kutoka 3 hadi 5, na likamwezesha msimamizi kuchagua sharti la kuvuka kutoka ngazi moja hadi nyingine: mashine kutengewa rasilimali, kuwashwa, au kutoa ishara za uhai. Hata hivyo, ishara za mfumo endeshi zinathibitisha kwamba mashine i hai. Hazisemi kwamba hifadhidata iliyomo imeshamaliza kusoma kumbukumbu zake. Kwa hiyo skripti ingali na nafasi yake.

Limebaki suala la msimulizi, ambalo wanafasihi watalitambua upesi. Skripti iliyohifadhiwa katika mashine pepe mojawapo ya zile inazopaswa kuziwasha ni msimulizi mhusika: seva ikizimika, naye huzimika, na hadithi haianzi. Mfumo wa vSphere huepuka hali hiyo kwa kuweka wakala wake katika kila seva halisi, ili zilizosalia ziwashe mashine za ile iliyoanguka. Skripti ya msimamizi nayo yafaa iwekwe nje ya kundi inalolihudumia. Aidha, yafaa amri zake zichapishwe kwenye karatasi, kwa mfuatano uleule, zikiwa na anwani za seva kwa tarakimu, kwa kuwa usiku huo seva ya majina nayo itakuwa imelala.