Masafa ya Anga na Muda wa Safari: Maelezo kwa Wasafiri wa Mbulu na Hanang

Msafiri wa Mbulu au wa Katesh, akiulizwa umbali wa mahali, aghalabu hujibu kwa saa wala si kwa kilomita, na jawabu hilo lina hekima yake. Kwani ndiye aijuaye njia ya Dareda ikinyeshewa, na ndiye aliyeuteremka ukuta wa Bonde la Ufa nyuma ya lori lililosheheni vitunguu saumu. Kijitabu hiki kimekusudiwa kumweleza habari za njia ya anga, ambayo masafa yake hayaongezwi na matope, ilhali muda wake una hesabu ya peke yake.

Rubani, mfano wa nahodha, hupima kwa maili ya baharini, nayo ni mita 1,852, yaani dakika moja ya latitudo katika mzingo wa dunia. Mbulu mjini na Katesh hutengana kwa dakika 40 hivi za latitudo, na kwa kuwa Katesh umeelekea kidogo magharibi, masafa yao kwa mstari ulionyooka hupata kilomita 75. Lakini barabara, maadamu hulazimika kupitia Dongobesh na kushuka Dareda ndipo iuelekee Mlima Hanang, huzidi sana.

Tofauti hii hudhihirika zaidi Haydom. Hospitali ya Kilutheri iliyofunguliwa huko mwaka 1955 ina kiwanja chake cha ndege, na kutoka hapo hadi Arusha ni kilomita 200 na ushei kwa anga, ilhali kwa gari hukaribia 300. Ndege ndogo ya injini moja, iendayo kilomita 240 kwa saa, huyakata masafa hayo kwa muda wa saa moja hivi pamoja na kupaa na kutua. Gari huweza kushinda kutwa njiani, na kwa mama ambaye uchungu wake umekwama, saa hizo ni uhai wake na wa mwanawe. Wala ndege nayo haina uhuru wote. Haydom iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na jua la adhuhuri huizidishia wepesi, hata mabawa yakapungukiwa nguvu na ndege ikahitaji kukimbia zaidi ardhini kabla ya kupaa. Ndiyo sababu ya marubani kupenda asubuhi, na ya mizigo kupimwa kwa makini. Abiria aambiwaye aache gunia asidhani amedharauliwa.

Liko pia suala la saa za nchi. Kwa mfano, kutoka Jakarta hadi Singapore ni kilomita 880 hivi, mwendo wa saa 1 na dakika 45. Lakini saa ya Singapore imetangulia kwa saa moja, basi aondokaye saa 4:00 asubuhi hutua saa 6:45 mchana, na siku ya kurejea, akiondoka saa ile ile, hutua Jakarta saa 4:45. Baina ya Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA) na Dar es Salaam, kilomita 450 hivi, hakuna la kuongeza wala kupunguza. Aendaye Maskati ndiye aisogeze saa yake mbele kwa saa moja.

Linalotusikitisha zaidi ni tikiti kusomwa vibaya. Ikiandikwa 10:00, hiyo ni saa 4 asubuhi. Ikiandikwa 22:00, ni saa 4 usiku. Na 00:30 ni saa 6 na nusu ya usiku wa kuamkia tarehe hiyo, si usiku unaoifuatia. Kutoka Katesh hadi KIA, kwa kupitia Babati na Arusha, ni kilomita 300 hivi, na abiria hutakiwa kufika mapema kabla ya ndege kuondoka. Kwa hiyo mwenye tikiti ya 10:00 na alale Arusha usiku wa kuamkia safari.